Pai ya Kiti cha Mbili-A

Mbwa wa karantini wa Uwanja wa Ndege wa Perth hana simile. Akinusa tunda au asali ndani ya mkoba wako habweki wala hang'ati. Anaketi tu miguuni pako na kukutazama, na abiria wote mliotoka nao Melbourne wanajua kwamba mwizi ni wewe.

Siku hiyo aliketi miguuni pa Thea Kondylis. Thea alikuwa na koti la mvua la rangi ya haradali, suruali ya kijani iliyombana kiunoni na kumwachia miguuni, na nywele nzito nyeusi alizozifunga kwa kitambaa chekundu. Ofisa wa karantini, mama mnene mwenye glavu za bluu, alitia mkono mkobani na kutoa chupa ya asali.

"Asali haiingii jimbo letu la Magharibi, mwanangu. Pipa lile pale."

"Ni ya mizinga ya baba yangu. Nampelekea shangazi yangu Fremantle."

"Hata ingekuwa ya askofu. Nyuki wetu ni wazima na magonjwa ya kwenu hatuyataki. Ile hapa au itupe. Kupita haipiti."

"Niile chupa nzima?"

"Muda unao."

Nyuma yake palisimama mwanamume mrefu aliyekuwa akimaliza pea yake haraka haraka kabla mbwa hajamfikia, maji ya tunda yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Alivaa koti jeusi la sufi lililokatwa na fundi anayejua kazi. Alitupa kiini pipani, akapapasa mfukoni, akatoa kijiko cha chuma na kukifuta kwa leso.

"Karibu kijiko," alisema. "Pipa hilo limekula vizuri vingi. Hiyo lisiipate."

Thea alikigeuza kijiko akaona nembo. "Hiki ni cha Shirika la Ndege la Mulga. Cha daraja la biashara. Umekiiba."

"Nimekiazima. Sisi tunaokaa mbele tunaruhusiwa dhambi ndogondogo."

"Na sisi tunaokaa nyuma, mlango kwa mlango na choo, tunaruhusiwa nini?"

"Kuazima kwetu."

Thea alicheka bila kutaka. Wakasimama kando ya mapipa, watu wakiwapita na masanduku yao, wakala asali kwa zamu kwa kijiko kimoja. Mwanamume yule alifumba macho kabla ya kumeza, na Thea, ambaye ni mpishi, aliliona hilo.

"Kuna moshi kwa mbali," alisema yule mwanamume. "Msitu uliungua karibu na mizinga?"

Thea alikishusha kijiko. Msitu wa Neerim, kwa baba yake, uliungua kweli, kiangazi cha mwaka juzi, na hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyewahi kuuonja moto ule ndani ya asali. "Wewe ni nani?"

"Corin Tranter. Naandika ripoti za makampuni. Kazi ya kuchosha, usiniulize."

"Thea. Napika jikoni karibu na uwanja wa ndege wa kule Melbourne. Na mimi usiniulize, kwa sasa nina hasira na kazi yangu." Alilitazama koti lake. "Baba yangu angekuona na koti hilo angekufukuza. Nyuki hawapendi nyeusi. Wanadhani ni mnyama amekuja kuwaibia."

"Basi nikija nitavaa nyeupe."

"Nani kakualika?"

"Nyinyi wawili," alisema mama wa glavu, "mnakula asali au mnafunga ndoa? Watu wanalitaka pipa."

Ndivyo walivyoanza. Wengine huanzia kanisani, wengine kwenye baa. Hawa walianzia kwenye mapipa ya takataka, na nimeona ndoa zilizoanzia pazuri zaidi zikaishia humo humo.

Melbourne ni mji wa watu wanaojua kula na wanaopenda kukwambia kwamba wanajua, na wawili hawa walifaana kwa hilo. Walikula tambi Footscray, wakagombana juu ya limau. Walikula maandazi ya Wagiriki kule Oakleigh, sukari ikamwagika kwenye koti jeusi, Thea akaipangusa kwa kiganja na kukisahau kiganja pale kifuani. Corin alisafiri sana, na kila akishuka kwenye ndege simu ya kwanza ilikuwa ya Thea.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika Adelaide. Nakukumbuka."

"Umekula nini huko juu?"

"Ah, kitu tu."

"Kitu gani? Mimi naulizwa habari za vyakula na dunia nzima, wewe unaniambia kitu?"

"Samaki. Alikuwa na huzuni kuliko mimi."

"Pole yake. Rudi nikupikie asiye na huzuni."

Alirudi, na Jumamosi moja mchana, jikoni kwa Thea huko Coburg, akauliza lile alilokatazwa kuuliza siku ya kwanza. Thea alikuwa amevaa gauni la pamba la bluu na aproni juu yake, mikono imejaa unga.

"Hasira na kazi yako ni ya nini, kipenzi? Hujaniambia mpaka leo."

Thea alikanda unga kwa nguvu kuliko unavyostahili. "Unamjua mtu anayejiita Mbili-A?"

Uma wa Corin ulisimama njiani. Naam, msomaji wangu, umekwisha kumjua. Mbili-A ndiye yule mhakiki wa vyakula vya daraja la biashara, anayekaa kiti hicho hicho kila safari, anayepiga picha sinia lake na kuliandikia kurasa mtandaoni, na ambaye hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Wasafiri wa nchi nzima humsoma kabla ya kukata tiketi. Mashirika ya ndege humwogopa kuliko dhoruba. Na mtu huyo alikuwa ameketi mezani kwa Thea na uma mkononi.

"Nimemsikia," alisema.

"Menyu ya Mulga ya Melbourne hadi Perth ilikuwa yangu mimi. Kadi ilikuwa na jina langu kwa herufi za dhahabu. Baba yangu aliitundika ukutani karibu na picha ya mama. Nilipika bega la kondoo na shayiri, saa nyingi kwa moto mdogo. Yule hayawani akalila akaandika: *Kondoo huyu amekufa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa jikoni. Aliyempika hapendi watu.*" Aliyasema maneno yale kwa kichwa, bila kukosea hata moja. "Wakubwa wakafuta jina langu siku ile ile. Sasa napanga sandwichi."

"Labda... labda siku hiyo kondoo alikuwa mbaya kweli."

"Alikuwa mbaya. Yule mhakiki alimla safari ya kurudi."

"Kwani kurudi kuna nini?"

"Mulga walifunga jiko lao la Perth kubana matumizi. Kwa hiyo chakula cha kurudi kinapakiwa huku huku Melbourne, kwenye toroli la pili. Kinavuka nchi nzima kwenye baridi, kinasubiri uwanjani, kinapashwa moto, kinarudi angani. Sisi jikoni tunakiita chakula cha kurudia. Tumekatazwa kusema nje. Yeye alikula bega lililokwisha safiri kumzidi, akasema mpishi hapendi watu." Alifuta jasho kwa mkono, unga ukabaki kwenye paji la uso. "Siku nitakayomjua, Corin, naapa kwa kaburi la mama yangu, nitamlisha aibu kijiko kwa kijiko."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Meza ilikuwa ndogo, mchana ulikuwa mwingi, na mwanamke alikuwa anampenda. Angesema, "Ni mimi," angerushiwa donge la unga, angelia, angesamehewa. Badala yake alikata kipande cha mkate akasema, "Wewe, huu umeiva vizuri." Alijiambia atasema kesho. Mwoga ana kesho nyingi kuliko mtu yeyote.

Kesho zikapita. Halafu siku moja, wakati wa mapumziko kazini, Sefina Leota alimletea Thea simu yake. Sefina ndiye msimamizi wa kupakia matoroli kule jikoni, Msamoa mwenye mabega mapana na kicheko kinachosikika hadi kwenye majokofu. Siku hiyo hakucheka.

"Dada, hasimu wako kaandika tena. Safari hii ni kuku."

"Sitaki kusoma."

"Soma tu mstari huu."

Thea alisoma. *Mchuzi na nyama wamelala vitanda tofauti, wameamka wakikutana mezani kama wageni.*

Alisoma tena. Maneno yale alikuwa ameyasema yeye. Aliyasema Jumapili iliyopita, kwenye sofa la Corin, miguu yake mapajani kwa Corin, juu ya mchuzi mbaya wa mkahawa fulani. Corin alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema, "Hilo nitalikumbuka."

Kumbe alilikumbuka.

Safari zile zote, kijiko cha Mulga, macho yanayofumba kabla ya kumeza, samaki mwenye huzuni: kila kitu kilijipanga mahali pake. Aliweka simu mezani taratibu.

"Dada, umekuwaje? Umekuwa mweupe."

"Namjua," Thea alisema. "Ana alama ya kuungua kwenye bega la kushoto na anaogopa buibui."

Sefina alikaa. "Yesu wangu. Bwana'ko?"

"Bwana'ngu."

"Nimpige?"

"Hapana. Kupigwa kunapona."

Jioni hiyo Corin alipiga simu, naye Thea alipokea kwa sauti laini kuliko siku zote. Wanaume wangejua kuiogopa sauti hiyo, wangeishi zaidi.

"Laazizi, Alhamisi uko wapi?"

"Perth. Naenda asubuhi na Mulga, narudi nao jioni. Kwa nini?"

"Nataka tu kujua mpenzi wangu yuko wapi angani. Unakaa kiti gani?"

"Huko mbele mbele."

"Dirishani?"

"Dirishani."

"Angalia mawingu kwa niaba yangu. Na ule vizuri."

"Thea, nikirudi kuna jambo nataka kukwambia. La maana. Na jingine nataka kukuuliza."

"Utaniuliza ukishashiba," Thea alisema, akakata simu, akaitupa kitandani.

Njama yake ilikuwa hii. Kwenye barabara ya Tullamarine kuna kituo cha mafuta kinachouza pai za nyama, zile zinazokaa kwenye kabati la kioo chini ya taa mpaka anazinunua dereva wa lori asiye na chaguo. Alhamisi asubuhi Thea alinunua moja. Akaitoa kwenye karatasi, akapunguza ukingo wake kwa kisu kikali, akaipaka siagi, akaiweka juu ya karoti zilizosagwa na iliki, akanyunyiza pilipili za porini na majani machanga ya saladi ya majini. Kwenye kadi ndogo akaandika: *Ng'ombe wa nyanda za juu ndani ya ganda la siagi. Oda maalumu, kiti 2A.* Aliipaka aibu ile marashi mpaka ikapendeza.

"Ataisifu," alimwambia Sefina. "Ataiandikia wimbo. Na akishaisifu, nitatoa picha ya kabati la kioo na risiti ya pampu namba tatu, nchi nzima ijue Mbili-A ana ulimi wa kiatu."

"Wakubwa wakijua utafukuzwa."

"Nimeshafukuzwa. Bado kuambiwa tu."

"Haya. Toroli la kwenda au la kurudi?"

"La kurudi," Thea alisema. "Alipokosea ndipo atakapolipia."

Mpaka hapo kisasi kilikuwa kimekaa sawa. Kilichomharibia ni kiherehere cha macho. Hakuweza kukubali kwamba Mbili-A angekula pai ile na yeye asimwone. Akachukua tiketi ya wafanyakazi, ile ya kukaa kokote kutakakobaki, akavaa tena koti lake la haradali, akapanda ndege ile ile iliyobeba toroli. Alikaa mstari wa mwisho kwenda, akaingilia mlango wa nyuma Corin asimwone. Alikusudia kukaa mstari wa mwisho kurudi, na kupita mbele mara moja tu, kama mtu anayetafuta choo.

Kwenye lango la kuondokea Perth, Corin alikuwa amesimama na koti lake jeusi mkononi. Alipomwona Thea, uso wake ulifunguka wote.

"Umekuja," alisema. "Umevuka nchi nzima kunifuata."

Njama ya Thea haikuwa na mahali pa maneno hayo. "Nilikuwa... shangazi."

"Shangazi nini, hata mkoba huna." Akamkumbatia mbele ya watu, na ubaya wa mwili ni kwamba huchelewa kupata habari: wa Thea ulimkumbatia pia. Corin akamgeukia binti wa langoni. "Dada, huyu ni mchumba wangu, au anakaribia kuwa. Anakaa nyuma. Kiti cha pembeni yangu ni kitupu, nitakilipia kwa pointi zangu. Mpe yeye dirisha. Mimi nitakaa cha njiani."

"Hapana," Thea alisema. "Corin, hapana. Kaa dirishani kwako."

"Umekaa karibu na choo maisha yako yote."

"Napapenda."

"Thea, mpenzi, hebu pokea kitu mara moja."

Binti wa langoni alikuwa ameshachapa. "Mbili-A kwa dada," alisema akitabasamu. "Hongereni."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wengi wetu hatupewi na kitambaa cha mezani. Walipofika juu, mhudumu, kijana nadhifu mwenye tai ya zambarau, aliwatandikia vitambaa vyeupe, akarudi na sinia na kuinama kwa heshima.

"Mbili-A, oda yako maalumu. Ng'ombe wa nyanda za juu. Jikoni wamesisitiza ni ya kiti hiki tu."

Akaiweka mbele ya Thea. Ilikuwa imepasuka kidogo ubavuni na mchuzi wa kahawia ulikuwa unachungulia.

Corin aliitazama kadi, akamtazama Thea. "Oda maalumu? Mimi sikuagiza kitu." Akainama kunusa. "Naomba nionje."

Basi si yote yaliyokuwa yamepotea. "Onja," Thea alisema. Akamsogezea sinia. "Onja kipande kikubwa."

Corin alikata, akatia kinywani, akafumba macho. Thea alimtazama taya likienda. Alingoja neno moja tu, tamu, la kipuuzi, ambalo angelitundika ukutani mahali pa kadi ya dhahabu.

Corin alimeza. "Hii ni pai ya kituo cha mafuta," alisema polepole.

Thea aliigeuza kadi ya oda kifudifudi.

"Mama yangu aliziuza katikati ya jangwa la Nullarbor, kwenye kabati la kioo. Nilizila mpaka nikaota meno ya ukubwani. Hata ukiivika taji naijua." Akachovya ncha ya uma kwenye karoti. "Na hizi karoti ni za kwako. Iliki hii nimeila Coburg."

"Hongera," Thea alisema. "Ulimi unao, Mbili-A."

Sasa ndege nzima ingetoboka wasingesikia. Corin aliweka uma chini. Masikio yalimwiva.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu mchuzi ulipolala kitanda tofauti. Hukutosheka kunilia kazi, ukanilia na maneno."

"Nilitaka kukwambia leo. Nakuapia. Ndiyo ilikuwa jambo lenyewe."

"Uliketi mezani kwangu. Nilikueleza chakula cha kurudia, nilikueleza jina langu lilivyofutwa, nikakueleza baba alivyoitundika ile kadi. Ukasifu mkate."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora unipoteze na mkate juu." Akaishusha sauti mhudumu asisikie. "Kinachoniuma unakijua? Nilidhani huna ulimi. Ningekusamehe. Mtu asiye na ulimi hana kosa. Lakini wewe ulionja moshi kwenye asali ya baba yangu. Leo umejua pai kwa tonge moja. Siku ile ulijua kabisa kondoo yule ana kitu, na hukuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika kwamba siwapendi watu."

Corin aliiinamia pai ile. Ilikuwa kweli. Siku ile alikuwa amechoka, na sentensi ile ilimjia nzuri, na sentensi nzuri ilimshinda.

"Na lile la kuuliza?" Thea alisema akifungua mkanda wa kiti. "Ulitaka kuniuliza nini?"

"Unajua nilitaka kukuuliza nini."

"Basi kaa nalo." Alisimama, akamruka miguu. "Maliza pai yako. Nimekulipia."

Alirudi nyuma, mstari wa mwisho, mlango kwa mlango na choo, akalia ndani ya koti la mvua mpaka Melbourne. Kwa hesabu za kisasi alikuwa ameshinda. Mhudumu alimwambia baadaye kwamba yule bwana wa mbele alikula pai yote, mpaka ganda, na hakuomba maji.

Siku zilizofuata simu ya Thea ililia, naye akaiacha ilie. Kisha ikaacha. Badala yake Mbili-A aliandika. Aliweka picha ya uso wake juu kabisa, bila miwani, na jina lake kamili chini. Aliandika kwamba kondoo yule alipikwa vizuri na Thea Kondylis, kwamba alikuwa amevuka nchi na kurudi kabla hajamfikia, na kwamba yeye, Corin Tranter, alikuwa na wajibu wa kuuliza akaona uvivu. Habari za chakula cha kurudia aliomba Mulga wenyewe wazithibitishe, nao wakazithibitisha kwa kugugumia, akazichapa na kigugumizi chao. Mwisho akaandika kwamba hataketi tena Mbili-A, na ilikuwa kweli, maana mhakiki aliyejulikana sura huletewa sinia la mfalme, na sinia la mfalme halimfundishi msomaji kitu. Kwa mkono wake alijifungia duka.

"Dada, kajichinja," Sefina alisema, akisoma juu ya bega la Thea.

"Naona."

"Na wakubwa wanachapisha kadi mpya. Jina lako limerudi. Herufi za fedha lakini, dhahabu imeisha."

"Fedha inafaa."

"Sasa utampigia?"

"Bado," Thea alisema. "Sefina, naomba nafasi moja kwenye toroli la kurudia. Bila kadi."

Jumapili mchana Corin alipigiwa simu. Sauti haikuwa laini, na hilo lilimpa moyo.

"Umekula?"

"Bado."

"Usile. Njoo."

Alipofika Coburg alikuta meza imetandikwa kwa mtu mmoja. Thea alikuwa na gauni jekundu alilokuwa hajawahi kumwona nalo, na midomo ya rangi hiyo hiyo, na hakumkaribisha kukaa. Alimwekea sahani. Bega la kondoo na shayiri, la kijivu, lililokauka pembeni.

"Limekwenda Perth jana, limerudi jana," alisema. "Kula."

Corin alikula. Alifumba macho kwa tonge la kwanza, halafu akayafungua na kula yaliyobaki akimtazama yeye. Nyama iligoma kushuka, akaishusha. Thea alisimama amekunja mikono mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Haya, mhakiki. Toa hukumu."

Angeweza kusema si mbaya sana. Mwanamume mwenye mapenzi na hofu angesema hivyo. "Ni kibaya," Corin alisema. "Ni kibaya sana, Thea. Lakini chini kabisa kuna kitunguu kilichokaangwa taratibu na mtu mwenye subira. Nilikionja siku ile pia. Nilikiacha nje ya maandishi."

Thea akaiondoa sahani ile. Kisha akafungua oveni. Harufu ya bega la pili, lililotoka motoni sasa hivi, lenye mafuta yanayochemka na majani ya rozimari, ilijaza jiko zima. Akaweka sahani mbili.

"Sasa kaa," alisema.

Walikula. Corin alilia kidogo akasingizia pilipili, wakati haikuwamo. Alipotaka kusema, Thea aliinua kidole.

"Jumapili ijayo tunakwenda Neerim kwa baba. Vaa koti lako jeusi."

Corin aliacha kutafuna. "Lile jeusi?"

"Baba anapenda mtu nadhifu."

"Thea, ulinambia nyuki..."

"Nilikwambia nini?"

Akamtazama. Macho ya Thea hayakucheka hata chembe. "Hukuniambia kitu," Corin alisema. "Nitavaa."

Naye alivaa. Jumapili ile jua lilikuwa kali, na Corin alishuka kwenye gari huko Neerim na koti lake la sufi, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Mzee Lefteris Kondylis, aliyekuwa kwenye mizinga na nguo zake nyeupe na wavu usoni, alimwona kwa mbali akashika kiuno.

"Thea! Huyo kichaa ni nani?"

"Ni yule wa kondoo, baba."

"Ah," mzee alisema. "Mwache aje."

Corin alitembea kuelekea mizingani, taratibu, mikono chini. Mvumo ulibadilika. Nyuki mmoja alitoka kuuliza habari, akamzunguka kichwa, akatua sikioni na kumaliza kazi. Corin alijikunja kwa maumivu lakini hakukimbia. Hatua inayofuata aliipiga mbele.

"Basi," Thea alisema nyuma yake.

Alikuwa ametoa vazi jeupe kwenye buti ya gari, la ukubwa wa Corin, lililopigwa pasi. Lilikuwa humo tangu asubuhi. Akamvuta nyuma ya ghala, akamvua koti jeusi, akamvisha lile jeupe na kumfungia zipu kama mtoto wa shule.

"Ulikuwa nalo muda wote," Corin alisema.

"Nilitaka mmoja tu. Nimeridhika." Akashika kidevu chake, akaligeuza sikio kwenye mwanga, akautoa mwiba kwa ukucha. "Sasa niulize lile ulilotaka kuniuliza kwenye ndege."

Corin alipiga goti pale pale kwenye nyasi, ndani ya vazi lile jeupe, akauliza.

Thea aliliacha sikio livimbe kwanza, ndipo akamjibu ndiyo.